Diski ya Nje kwa Kazi za Video Kigoma: Ndogo ya Mfukoni, ya Mezani, au SSD?

Mtayarishaji wa video aliyeko Kigoma anapoingia dukani kutafuta diski ya nje, au eksteno kama wengi tunavyoiita, huonyeshwa bidhaa za aina tatu zilizopangwa kwenye rafu moja kana kwamba hazitofautiani ila kwa bei na ukubwa. Ya kwanza ni diski ndogo ya inchi 2.5, inayoingia mfukoni na kupata umeme wake kupitia waya uleule wa USB unaopitisha data. Ya pili ni diski ya mezani ya inchi 3.5, nzito zaidi, yenye adapta yake ya kuchomeka ukutani. Ya tatu ni SSD, ambayo ndani yake hamna sahani inayozunguka wala kichwa cha kusomea, na ambayo kwa kila terabaiti huuzwa kwa bei inayofikia maradufu ya diski inayozunguka, au kuipita. Makala haya yanazilinganisha kwa ajili ya mtu anayerekodi harusi, sendofu, nyimbo za kwaya na filamu fupi za hali halisi, na ambaye mfuko wake haumruhusu kuzinunua zote kwa mkupuo. Msimamo wangu niuseme mapema: katika mji wetu yapo maswali mawili yanayopaswa kutangulia swali la kasi, nayo ni diski itafanya nini umeme ukikatika, na nakala ya pili ya kazi itakaa wapi.

Unazalisha kiasi gani?

Kamera nyingi za bei ya kati hurekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, hizo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa kila saa ya video. Anayerekodi Full HD kwa megabiti 50 hutumia nusu ya hapo, yaani gigabaiti 22.5 kwa saa. Harusi yenye kamera mbili, tangu bibi harusi anapopambwa hadi ukumbini usiku, inaweza kutoa kwa urahisi saa sita za video ghafi ukijumlisha kamera zote, na katika 4K hizo ni gigabaiti 270. Harusi nne za namna hiyo zinavuka terabaiti moja, na msimu wa harusi ukishika kasi, nne si nyingi. Mwenye kugeuza video zake kuwa ProRes 422, mfumo wa Apple wa video za kuhariria, yuko katika hesabu nyingine kabisa, kwa sababu 4K ya picha 25 kwa sekunde katika mfumo huo hula megabiti zipatazo 492 kwa sekunde, yaani takriban gigabaiti 221 kwa saa.

Kutokana na hesabu hii, diski ya terabaiti 1 haifai kuwa ghala la mtu anayefanya kazi hii kila wiki, na ile ya terabaiti 2 itajaa kabla hajaizoea. Katika diski za mfukoni, mara nyingi bei ya kila terabaiti hushuka zaidi kwenye ukubwa wa terabaiti 4 na 5. Mnunuzi asishtuke kuona Windows ikimwonyesha gigabaiti 931 kwenye diski iliyoandikwa terabaiti 1, kwani mtengenezaji huhesabu kwa elfu ilhali Windows huhesabu kwa 1,024, na hakuna aliyeibiwa.

Ya mfukoni dhidi ya ya mezani

Kwenye karatasi, diski ya mezani inashinda. Huandika na kusoma kati ya megabaiti 150 na 250 kwa sekunde, ilhali ya mfukoni huishia kati ya 100 na 140. Ukubwa wake hupanda hadi kupita terabaiti 20, wakati diski za mfukoni zilikwama kwenye terabaiti 5 kwa miaka mingi hadi Western Digital ilipotoa ya terabaiti 6 mwaka 2024. Mtu anayetaka terabaiti 8 au zaidi katika kasha moja hana njia nyingine ya bei nafuu isipokuwa hii.

Ushindi huo, hata hivyo, unategemea umeme usioyumba. Kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa, na hadi leo umeme kukatika si habari ya kumshangaza mkazi wa Mwanga au Ujiji. Umeme unapokatika, kompyuta mpakato huendelea kwa betri yake, na diski ya mfukoni, kwa kuwa hulishwa na kompyuta hiyo, huendelea kuandika bila hata kutambua kilichotokea. Diski ya mezani huzimika papo hapo, katikati ya faili. Hasara si faili hiyo moja tu iliyokatika, bali pia orodha inayoieleza kompyuta kila faili limekaa wapi, ambayo inaweza kuharibika na kuifanya diski nzima ionekane tupu au idai kufomatiwa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa diski iliyofomatiwa kwa exFAT, mfumo wa kupanga faili unaosomwa na Windows na Mac, kwa sababu mfumo huo hauweki kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea kama NTFS, mfumo wa Windows, inavyofanya. Anayetumia Windows peke yake, asiyebadilishana diski na mwenye Mac, ana kila sababu ya kuchagua NTFS.

Dawa ya tatizo hili ipo, nayo ni UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ule wa ukutani unapokatika. Diski ya mezani hula umeme kidogo sana ukilinganisha na kompyuta, hivyo hata UPS ndogo huweza kuishikilia kwa muda wa kutosha kumaliza kunakili na kuitoa kwa utaratibu. Lakini basi bei ya kulinganisha iwe bei ya diski pamoja na UPS, wala si ya diski pekee, na hapo ile nafuu ya kila terabaiti hupungua sana kwa mtu anayenunua terabaiti 4 au 6 tu. Kwa mwenye studio yenye kompyuta ya mezani ambayo tayari iko kwenye UPS au inveta, mjadala huu haumhusu. Achukue diski ya mezani na aokoe fedha yake.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji ni adapta yenyewe. Diski hizi kwa kawaida hutumia volti 12, na adapta ikiungua kwa umeme uliopanda ghafla, inayowekwa badala yake lazima ilingane kwa volti, iwe na ampea zisizopungua za ile ya kwanza, na ncha yake iwe na mpangilio uleule wa chanya na hasi. Chaja ya kompyuta mpakato hutoa volti 19 hivi, na kwa bahati mbaya ncha yake wakati mwingine huingia vizuri kabisa kwenye tundu hilo, ikaunguza saketi ya diski.

Diski inayozunguka dhidi ya SSD

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kufuata namba za kwenye boksi. SSD ya nje ya daraja la Samsung T7 hutangazwa kwa kasi ya megabaiti 1,000 na zaidi kwa sekunde, karibu mara tisa ya diski ya mfukoni. Namba hiyo ni ya kweli, lakini jiulize data inatoka wapi. Kadi ya kumbukumbu ya aina ya UHS-I, ambayo ndiyo iliyo ndani ya kamera nyingi tunazotumia, kwa kiwango chake cha kawaida haipitishi zaidi ya megabaiti 104 kwa sekunde hata ikiwa mpya. Kuhamisha zile gigabaiti 270 za harusi kutoka kwenye kadi za namna hiyo kutachukua zaidi ya dakika 40, uwe umeelekeza kwenye SSD ya bei kubwa au kwenye diski inayozunguka ya bei ya kawaida. Tofauti huonekana kadi zinapokuwa UHS-II, aina yenye kasi zaidi, au unaponakili kutoka SSD moja kwenda nyingine, na katika hali hii ya pili mzigo uleule unaweza kumalizika kwa dakika tano au sita.

Tundu la USB lina neno lake pia. USB 2.0 hutoa megabaiti kati ya 30 na 40 kwa sekunde katika matumizi halisi, na ukichomeka hapo, diski zote tatu zinakuwa sawa: harusi yako itachukua karibu saa mbili au zaidi kuhama. Kompyuta ya zamani yenye matundu ya USB 2.0 pekee haitafaidika na kasi ya SSD katika kunakili. Waya nao uangaliwe, kwa sababu nyaya nyingi za aina ya C zinazokuja na simu kwa ajili ya kuchaji hupitisha data kwa kasi ya USB 2.0 tu, ijapokuwa kwa macho zinafanana na ule uliotoka kwenye boksi la SSD.

Katika kuhariri, swali la haki ni kama diski ndiyo inayokukwamisha. Video ya megabiti 100 inahitaji megabaiti 12.5 kwa sekunde. Kamera mbili zikichezwa kwa pamoja zinahitaji 25, na diski inayozunguka inazimudu, ingawa kichwa chake hulazimika kurukaruka kati ya faili na kasi halisi hupungua chini ya ile ya kunakili faili moja refu. Kinachokwama mara nyingi ni kichakato cha kompyuta (CPU), kwa sababu kufungua video iliyobanwa kwa mfumo wa H.264, na zaidi H.265, ni kazi ngumu. Fungua Task Manager ya Windows wakati video inagandaganda: ikiwa kichakato au kadi ya picha imefika asilimia 100 na diski iko asilimia 20, basi SSD utakayonunua haitaondoa mgando huo. Suluhisho lake halina gharama ya ziada, nalo ni kutengeneza nakala nyepesi za kuhariria, ziitwazo proksi, ambazo programu za kuhariri za DaVinci Resolve na Premiere Pro zote huzitengeneza. Proksi huwekwa kwenye SSD ya ndani ya kompyuta, video ghafi hubaki kwenye eksteno, na programu hurudi kwenye video ghafi wakati wa kutoa kazi ya mwisho.

SSD hulipa gharama yake kwa anayehariri ProRes ya kamera tatu, ambazo kwa pamoja zinahitaji megabaiti zipatazo 185 kwa sekunde, kiwango ambacho diski ya mfukoni haikifikii. Hata hapo, SSD za bei ya chini kabisa zina mtego. Nyingi hutumia chipu za aina ya QLC, ambazo hupokea data kwa kasi kubwa katika sehemu ndogo ya mwanzo, kisha sehemu hiyo ikijaa kasi huporomoka, wakati mwingine hadi chini ya diski inayozunguka. Anayenakili faili za gigabaiti 5 hataona kitu, bali anayenakili gigabaiti 270 kwa mfululizo atakutana na mporomoko huo mara nyingi.

Kabatini kwa miaka

Mteja wa harusi hurudi baada ya miaka miwili akidai nakala, pengine baada ya mtoto kuchezea flashi. Kwa hiyo diski yetu ni ghala pia, na katika hilo SSD si chaguo la kwanza. Data ndani yake huhifadhiwa kama chaji za umeme ambazo huvuja polepole isipochomekwa, na joto huharakisha uvujaji huo. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kinachofuatwa na watengenezaji kinaitaka SSD ya matumizi ya kawaida, iliyokwisha kutumia uhai wake wote wa kuandikwa, itunze data kwa mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzijoto 30. SSD mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi ya hapo, lakini kulipa maradufu kwa kitu cha kukaa kabatini bila umeme ni matumizi mabaya ya fedha.

Diski za mfukoni nazo zina udhaifu wao. Karibu zote za terabaiti 2 na kuendelea huandika kwa mtindo wa SMR, ambapo mistari ya data hulaliana kama mabati ya paa, kiasi kwamba kubadilisha mstari wa chini hulazimu kuinua na kuandika upya iliyo juu yake. Ukiandika mara moja na kuacha, hutasikia tofauti kubwa. Ukifuta na kuandika juu yake kila wiki, hasa ikiwa inakaribia kujaa, kasi inaweza kushuka hadi ukadhani imekufa. Kwa sababu hiyo napendelea mtindo wa kujaza diski, kuibandika lebo ya miezi iliyomo, na kuiweka pembeni, badala ya kuifanya uwanja wa kufutafuta.

Moja kubwa au mbili ndogo

Watu husumbuka kuchagua chapa, kati ya Seagate, Western Digital na Toshiba, wakati uamuzi mzito zaidi ni idadi. Kampuni ya Marekani ya Backblaze, inayotunza data za wateja katika maelfu kwa maelfu ya diski na kuchapisha takwimu zake hadharani, imekuwa ikiripoti kati ya asilimia 1 na 2 za diski kufa kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024. Hizo ni diski zisizobebwa kwenye begi, zilizo katika vyumba vilivyopozwa na vyenye umeme wa uhakika. Zetu hupanda bodaboda. Dhamana ya dukani haisaidii hapa, kwani itakupa diski mpya iliyo tupu, baada ya ile mbovu kusafiri hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.

Kwa fedha inayokaribiana, basi, ninamshauri mtu anunue diski mbili za terabaiti 2 kabla ya moja ya terabaiti 4, hata kama mbili hizo zitamgharimu zaidi kidogo na kubeba nusu ya mzigo. Video zote ziingie katika zote mbili kabla kadi haijafutwa, na diski moja ilale nyumba nyingine: moja ofisini Mwanga, nyingine kwa ndugu Gungu au Katonga, ili mwizi au moto usizichukue kwa pamoja. Yapo makasha ya mezani yenye diski mbili zinazoakisiana, ambayo huuzwa kama suluhisho la jambo hili; yanakinga dhidi ya diski moja kufa, lakini faili ukilifuta kwa bahati mbaya linafutika kote, na kasha likiibwa zimeondoka zote.

Kuhifadhi mtandaoni hakuwezi kuchukua nafasi hiyo kwa sasa. Kupandisha gigabaiti 270 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde kunahitaji saa 60 mfululizo, bila kuhesabu bei ya bando. Kinachofaa kupandishwa ni faili la mradi, ambalo ni dogo, na video ya mwisho aliyokabidhiwa mteja.

Kazi za porini na ziwani

Kwa anayerekodi Gombe au Mahale, ulinganisho hubadilika. Gombe hufikiwa kwa boti, nyingi zikiondokea Kibirizi, na mtu anaweza kulazimika kunakili kadi jioni kwa betri ya kompyuta pekee, kisha asubuhi akarudi kwenye mawimbi. Diski inayozunguka iliyozimwa huvumilia mtikisiko kiasi, lakini ikitikiswa wakati inaandika, kichwa chake kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza. SSD haina hofu hiyo. Terabaiti 1 inatosha, ikae kwenye mfuko usiopitisha maji, na mzigo uhamishiwe kwenye diski mbili za ghala mara ufikapo mjini.

Zilizotumika, na za uongo

Diski za mezani za kamera za ulinzi, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, hupatikana kwa mafundi wa CCTV, na zikiwekwa ndani ya kasha la USB huwa ghala zuri kwa bei ndogo. Kabla ya kulipa, fungua programu ya bure ya CrystalDiskInfo uone saa ilizofanya kazi na idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika na kubadilishwa. Ikiwa sekta hizo si sifuri, usiinunue.

SSD ya mfukoni ya terabaiti 16 inayouzwa kwa bei ya chini ya diski ya kawaida ya terabaiti 1 ni ya uongo, bila haja ya kuifungua. Ndani yake mara nyingi huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochezewa ili iidanganye kompyuta, ambayo hupokea faili zako zote kwa utulivu na kuzifuta za mwanzo pale uwezo wake wa kweli unapoisha. Hata kwa bidhaa inayoonekana halali, jaribio la kuaminika ni kuijaza yote na kuisoma tena, kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Diski ya mfukoni ya terabaiti 4 itahitaji takriban saa 10 kuandikwa na nyingine zisizopungua hapo kusomwa, kwa hiyo mkubaliane na muuzaji, na aandike kwenye risiti, kwamba una siku kadhaa za kuirudisha ikishindwa.